Jiwe Alilolichagua Mama Futi

Mama mkwe wangu alikanyaga karakana yangu kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja ya mimi kuolewa na mwanawe, na hakuja mikono mitupu. Alikuja amekaa kiti cha mbele cha pikapu, mkoba mapajani, na nyuma yake, katikati ya magodoro mawili yaliyochoka, kulikuwa na bamba la jiwe lenye urefu wa mlango. Dereva alimfungulia, lakini hakushuka mara moja. Alitazama vumbi lililokuwa chini, akatazama viatu vyake, kisha akanitazama mimi kana kwamba hilo vumbi nimelizaa mwenyewe.

"Fundi," akasema. "Marumaru ya baba yenu hii hapa. Nimeichagua mwenyewe."

Sijawahi kuwa "mwanangu" kwake, wala "mkwe". Ni "Fundi" tangu siku niliyoletwa kutambulishwa, na haki ya kuniita hivyo anayo, kwa sababu na yeye ni fundi. Ameshona nguo miaka arobaini. Mtaa mzima unamwita Mama Futi, kwa ile futi ya kupimia inayoning'inia shingoni mwake hata akienda sokoni kununua nyanya. Alitamani mwanawe aoe mwanamke wa ofisini, mwenye kucha. Mwanawe, ambaye ni mwalimu wa hesabu na mpole kupita kiasi, akamletea mchonga mawe. Kucha zangu hukatwa na kazi, tena bila kuniuliza.

Kwa hiyo nisijikoshe: siku ile nilifurahi. Miaka kumi na mmoja nimesubiri yule mama aniletee hata jiwe la kusagia.

Baba mkwe alikuwa amefariki miezi minane kabla. Tangu mazishi, Mama Futi alikuwa amegeuzwa mtoto mdogo. Wanawe walimwamulia saa ya kula, saa ya kulala, dirisha lifungwe au liachwe wazi. Wifi yangu, ambaye ndiye kifungua mimba, alihamia kwake ili amsaidie, na kusaidia kwenyewe kulikuwa ni kumpokonya kila alichoshika, hadi ufagio. Jiwe la kaburi lilipotajwa, wote walisema jambo hilo aachiwe Fundi, yeye ndiye anayejua mawe. Asubuhi moja Mama Futi akavaa viatu vyake vya kutokea, akaenda peke yake kwa muuza mawe, akarudi na pikapu. Lilikuwa jambo la kwanza alilolifanya kwa akili yake mwenyewe tangu awe mjane, na ulikuwa ukimtazama usoni unaliona.

"Nataka jina lake lisifutike," aliniambia tulipokwisha kulishusha. "Muuzaji ameniambia marumaru haichakai. Ya kwako ni herufi tu."

"Sawa, Mama," nikasema. Herufi tu. Nilimeza, maana adabu ya ukwe ni nusu kumeza na nusu kunyamaza.

Na jiwe lilikuwa zuri, tuambizane ukweli. Lilikuwa na rangi ya maziwa yaliyodondoshewa chai, na limesuguliwa mpaka Mama Futi aliinama akajiweka sawa kilemba akijitazama humo. Aliondoka akitembea kama mtu aliyepunguziwa umri.

Sasa, pale kwetu kuna utaratibu mmoja ambao baba yangu aliurithi kwa baba yake, nami nikaurithi kwake: hatuchongi herufi hata moja kabla ya kusoma mgongo. Uso wa jiwe ukishasuguliwa unaweza kukuambia lolote unalotaka kusikia. Kwa hiyo tunaligeuza kifudifudi, tunavunja kipande cha ukubwa wa ukucha kwenye pembe ya nyuma, ambapo hapataonekana, kisha tunatazama pale palipovunjika, kwanza pakiwa pakavu, halafu pakiwa na maji. Wafanyabiashara hutucheka kwa ushamba huu. Wacheke tu. Wengi wao tumekwisha kuwachongea mawe ya makaburi yao.

Kazi hiyo tulifanya mimi na Kelele. Kelele ni mzee wa makamo anayeendesha mashine ya kukata, na ameitwa hivyo kwa kejeli, kwa sababu miaka ishirini kando ya ile mashine imemfanya azoee kutosema kitu. Kwa siku hutoa maneno matano, na manne kati ya hayo ni salamu.

Tuligeuza bamba, nikaweka tindo, nikapiga nyundo mara moja. Kipande kikaruka. Marumaru ikivunjika inameremeta, punje kwa punje, kama sukari iliyoshikana. Hapa hapakumeremeta kitu. Palikuwa pamefifia, laini, kama chaki ya mume wangu. Nikasema moyoni, labda ni mwanga. Kelele akachukua kikombe, akamwagia maji. Katikati ya lile doa lililolowa kikajitokeza kitu kidogo kilichojikunja, mzunguko ndani ya mzunguko, kikubwa kidogo kuliko punje ya mahindi.

"Konokono," Kelele akasema. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la asubuhi ile.

Nilikaa juu ya ndoo. Marumaru haina konokono. Nilikuwa natazama jiwe la chokaa, gumu kiasi, zuri, lililosuguliwa mpaka limejisahau kuwa ni nani.

Nikampigia simu muuzaji. Huyu bwana tunamwita Mng'aro, kwa ajili ya biashara yake na pia kwa ajili ya kichwa chake, ambacho hakina unywele.

"Fundi, mbona unafoka?" akasema. "Katika biashara yetu, chochote kinachokubali kung'aa ni marumaru. Ndivyo tunavyouza wote."

Linaloudhi ni kwamba hapo hakudanganya. Ndivyo wanavyouza wote. Nikamwambia kama kung'aa ndiyo kipimo, basi alete na utosi wake tuuchonge herufi, kisha nikakata simu kabla hajapata la kujibu. Hasira yangu iko hivyo, hupanda haraka na kushuka haraka. Ikishashuka ndipo akili hurudi, na akili iliporudi siku ile ilinikuta nimeogopa.

Maana nifanye nini? Jiwe la chokaa si jiwe baya. Kuna nyumba zimesimama nalo tangu zama za mababu. Lakini makaburi yetu yako kwenye mteremko, hayana hata kivuli cha mti, na mvua za kule hazipigi hodi. Herufi za juujuu za mashine kwenye jiwe kama lile, miaka kumi utazisoma, ishirini utazibahatisha, arobaini utamuuliza jirani. Nikimwambia Mama Futi, jambo lake la kwanza la ujane litageuka kuwa kituko cha familia, na hatashika tena hata ufagio. Nikinyamaza, atakwenda pale mwaka hadi mwaka, na macho yake hayajambo, ataliona jina la mumewe likimtoroka. Na ataniuliza mimi, niliyelichonga.

Jioni nikamweleza mume wangu, aliyekuwa anasahihisha madaftari.

"Mwambie," akasema bila kuinua kichwa.

"Mwambie wewe. Ni mama yako."

"Lakini jiwe ni fani yako."

"Na mama je?"

Akafikiri kama anavyofikiri, kwa kugongagonga kalamu kwenye jino. "Basi subiri kidogo," akasema. Huyo ndiye mwanamume niliyepewa. Nampenda, ila siku ya moto atapima kwanza ukubwa wa chumba.

Nikasubiri. Tatizo ni kwamba Mama Futi hakusubiri. Kesho yake alikuja, na keshokutwa, na mtondo. Alikuwa anaingia, anavua futi shingoni, anapima bamba urefu na upana kana kwamba limenywea usiku, kisha ananiuliza, "Mbona hata herufi moja?"

Siku ya kwanza nikamwambia jiwe linatakiwa lipumzike baada ya safari. Siku ya pili nikamwambia tindo zimepelekwa kunolewa. Siku ya tatu nilikuwa nimeishiwa, nikasema Kelele anaumwa jino, hawezi kunisaidia kuligeuza. Kelele, ambaye alikuwa amesimama pale pale akitafuna mhogo mbichi, alisita kidogo, akaacha kutafuna, akashika shavu. Tangu siku hiyo kila Mama Futi akitokea getini, Kelele anashika shavu. Kuna watu maneno yao machache lakini uaminifu wao huujui mwisho wake.

Siku ya tano alikuja na wifi yangu. Wifi alikuwa ameshika simu mkono mmoja na limau mkono mwingine, na mwendo wake ulikuwa wa mtu aliyekuja kukamata mwizi.

Mimi nilikuwa nyuma nachanganya gundi. Niliposikia sauti nikatoka, nikakuta ameshalikata limau na amelikamulia juu ya jiwe, kwenye uso, pale palipong'aa kuliko pote.

"Nimesoma," alinieleza, kabla sijauliza. "Marumaru ya kweli ukiimwagia limau haitoi povu. Ya bandia inatoa. Na Mama amekubali tujaribu."

"Sisi kitambaa tunachoma uzi," Mama Futi akasema, kwa kujitetea kidogo. "Pamba ina harufu yake, nailoni ina yake. Nikaona na jiwe litakuwa na namna yake."

Tukainama wote watatu. Yale maji ya limau yakaanza kutoa vipovu vidogovidogo, yakichemka polepole pasipo moto.

"Umeona, Mama?" wifi akasema. "Umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Nilikwambia usiende peke yako. Nilikwambia au sikukwambia?"

Mkono wa Mama Futi ulipanda shingoni ukaishika ile futi, ukabaki umeishika. Wapo watu wanaolia kwa macho, yeye alikuwa analia kwa bega moja lililoshuka. Nikahisi hasira yangu inapanda, na safari hii niliiacha ipande. Nilimpokonya wifi kile kipande cha limau, nikaenda kwenye kona tulipoegemeza mabamba mengine, nikalikamua kwa nguvu juu ya kipande cheupe kuliko vyote.

"Njooni muone. Hii ni marumaru halisi. Ni mabaki ya kazi ya ngazi za benki, nimeisoma mgongo mwenyewe."

Wakaja. Vipovu vikapanda pale pia, vilevile, taratibu.

"Limau halijui kitu," nikasema. "Jiwe la chokaa na marumaru ni damu moja. Yote mawili yanachemka kwa limau, na yote mawili limau linayaharibu. Wifi, pale ulipomwaga pameshakufa mng'ao. Ukimaliza kusoma kwenye simu uwe unaniuliza na mimi, sina gharama."

Nikamwaga maji, nikapangusa. Doa lilikuwepo, limefifia, la ukubwa wa kiganja cha mtoto. Wifi akaitia simu kwenye mkoba. Na Mama Futi, nikamwona anainuka, bega likarudi mahali pake.

"Kwa hiyo jiwe langu ni zima," akasema. Akamgeukia binti yake. "Umesikia? Bado nina macho."

Hapo ndipo uongo ulipokuja ukajilaza miguuni pangu, umepikwa, umepakuliwa. Sikuhitaji hata kuusema. Nilihitaji kunyamaza tu. Wote wangekwenda nyumbani na furaha, nami ningepata miaka kumi ya amani kabla ya herufi kuanza kulegea. Nikanyamaza. Sikatai, nilinyamaza, na Kelele kule kwenye mashine aliona ninavyonyamaza.

Kisha Mama Futi akaliinamia tena jiwe lake, akapitisha kiganja juu ya lile doa namna anavyopima kitambaa.

"Lakini, Fundi," akasema, "kama limau halisemi kitu, nyinyi wenyewe mnatambuaje?"

Hakuuliza kwa shaka. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua, kama mimi ninavyoweza kumuuliza yeye vazi linaangukaje vizuri begani. Mama mkwe ningemdanganya. Fundi mwenzangu sikuweza.

"Tunasoma mgongo," nikasema. "Kelele, njoo tuligeuze."

Kelele akaja, akaacha shavu. Tukaligeuza. Nikamwagia maji pale penye pembe iliyovunjika, nikampa Mama Futi miwani yake iliyokuwa ikining'inia kwenye mkoba, nikamwonyesha kwa kidole. Alitazama muda mrefu.

"Hiki ni nini?"

"Konokono, Mama. Wa baharini. Alikufa kabla binadamu hajakanyaga dunia."

"Na kwenye marumaru hayumo."

"Hayumo."

Wifi akafungua mdomo. Mama Futi hakumtazama, aliinua mkono tu. "Mwanangu, nenda kaninunulie maji ya kunywa. Ya baridi. Wala usikimbie."

Wifi akaenda. Mama Futi akavuta ndoo yangu, ile ile yenye saruji iliyokauka ukingoni, akaikalia na gauni lake safi.

"Ulijua lini?"

"Siku ya kwanza, ulipoondoka tu."

"Na jino la huyu mzee?"

"Zima, Mama."

Kelele akatazama dari. Mama Futi akatoa sauti fulani puani, na ilinichukua muda kutambua kwamba amecheka.

"Siku tano unanisitiri," akasema.

"Siku tano nakuogopa."

"Hilo nalo ni jambo la heri," akasema. Kisha kicheko kikamwisha. "Nieleze. Nieleze vizuri, usinifupishie kama wanavyonifupishia wale nyumbani."

Nikamweleza. Nilichuchumaa mbele yake, nikamwambia kwamba mawe haya mawili yanaanza mahali pamoja, chini ya maji. Makombe, konokono, matumbawe, mabaki ya vidudu visivyoonekana, vinaanguka na kurundikana, vya juu vinavilalia vya chini, hadi uzito na miaka isiyohesabika vinavifanya jiwe. Hilo ni jiwe la chokaa, na ukilitazama kwa subira utawakuta waliomo. Lakini yapo mawe ya chokaa ambayo dunia iliyafukia chini zaidi. Milima iliyakalia, joto la chini likayapika kwa muda mrefu kupindukia. Hayakuyeyuka. Yalibaki mawe, ila ndani yake kila punje ilijipanga upya, ikakua, ikashikana na jirani yake bila kuacha nafasi. Ndiyo hiyo marumaru. Konokono na makombe yote yamo humo, ila hakuna anayeweza tena kumtambua hata mmoja.

"Tofali bichi na tofali la kuchoma," akasema.

"Karibu na hapo."

"Na la kuchoma linadumu zaidi."

"Linadumu zaidi. Maji hayapenyi kirahisi, na herufi hukaa na makali yake. Hili lako lina vitundu visivyoonekana, linakunywa maji, na kila likinywa linalegea kidogo. Lakini hata marumaru, Mama, mvua inaila. Umeona limau lilivyofanya. Mvua ni limau lililozimuliwa kwa maji mengi sana. Tofauti ni muda."

"Muuzaji alisema haichakai."

"Muuzaji haendi makaburini."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea kitu na kukiweka mfukoni. Nikaona nimalize yote niliyonayo. Nikamwambia lile bamba jeupe la pale kwenye kona linatosha kwa jiwe la kaburi, ni marumaru ya kweli, ni langu, na nitampa nikichukua lake. Hakuna hata mtu mmoja nyumbani atakayejua. Na wifi nitamalizana naye mwenyewe.

Aliinuka akaenda kulitazama. Akalizunguka. Akaweka kiganja, akakiondoa haraka.

"Zuri," akasema. "Lakini jeupe. Baba yenu alikaa wiki tisa katika chumba cheupe. Kuta nyeupe, shuka nyeupe, hata uji waliompa ulikuwa mweupe. Nilimtoa mle nikaapa sitamrudisha." Akarudi kwenye lake. "Hili lilikuwa limeegemezwa nje, juani. Niliweka mkono likawa na joto, kama mgongo wa mtu aliyekaa kibarazani. Huyo muuzaji alikuwa bado hajafungua kinywa chake. Sikudanganywa, Fundi. Nilikuwa nimekwisha kuchagua, yeye aliniongezea jina tu."

Nilitamani siku tano zile nizirudishe.

"Litadumu kiasi gani?" akauliza. "Usinibembeleze."

"Nikichonga kwa mkono, kwa kina, na kingo za herufi nizilaze ili maji yateremke yasikae, wajukuu watasoma bila shida. Vitukuu watasoma kwa kupapasa. Baada ya hapo sijui."

"Na langu?"

"Lako lipi, Mama?"

"Jina langu. Nikifa si mtanilaza pale pale ubavuni pake, mniongeze chini yake? Ndivyo watu wafanyavyo."

"Ndiyo."

"Tuseme miaka kumi ijayo. Ishirini, kama Mungu ataendelea kunisahau. Mvua itakuwa imemla yeye miaka ishirini, mimi ndiyo kwanza mpya."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa hiyo atatangulia kufutika. Nami nitabaki peke yangu pale, nasomeka." Aliacha kuniangalia. "Ametangulia mara moja. Hiyo inatosha. Chonga yote mawili sasa hivi, kwa siku moja, yaanze kunyeshewa pamoja."

Wifi aliporudi na maji alikuta tumeshaanza kupanga mistari kwa penseli. Aliposoma jina la pili alipiga ukelele hadi Kelele akasikia, naye alikuwa kwenye mashine inayonguruma. Jioni wakaja wanawe wote, mume wangu akiwa mbele kwa kusukumwa.

"Mama, kuandika jina la mtu aliye hai ni uchuro," akasema.

"Uchuro ni kuamuliwa saa ya kula," Mama Futi akamjibu. "Nimejipimia nguo maisha yangu yote, hii mnataka nipimiwe na nani?"

Mume wangu akanitazama, akamtazama mama yake, akatoa kalamu akaigonga kwenye jino. Kisha akasema mistari ya penseli inaonekana kuwa sambamba kabisa. Kwa mtu kama yeye, hiyo ni baraka.

Nilichonga siku tisa, kwa tindo na nyundo, bila mashine. Jiwe la chokaa lina raha yake, linakubali tindo bila ubishi, halikurushii vipande machoni. Mama Futi alikuja kila siku akakaa juu ya ndoo. Aliniambia herufi moja imebana kwapani na nyingine pindo lake linapanda upande, na mara zote mbili alikuwa sahihi, jambo lililoniudhi. Pale palipochomwa na limau ndipo nilipoanzishia herufi ya kwanza ya jina la Baba, doa likaondoka pamoja na vumbi lake. Siku ya nne wifi alikuja na chakula cha watu wanne, akakaa, akaangalia, hakusoma chochote kwenye simu. Chini ya jina la Mama Futi niliacha nafasi ya tarehe, naye akaitazama nafasi hiyo kama anavyolitazama shati la mteja anayechelewa kuja kulichukua, bila haraka.

Asubuhi ya siku ya kumi nilifagia vumbi la mwisho kwa brashi, nikamwita. Alivua miwani badala ya kuivaa. Akaingiza kidole cha shahada ndani ya herufi ya kwanza ya jina la mumewe, akakifuatisha polepole hadi ya mwisho. Akashuka kwenye la kwake, akafanya vilevile.

"Kina ni kimoja?" akaniuliza.

"Ni kimoja, Mama. Nimepima kila herufi."

Hakuniamini, na mimi katika nafasi yake nisingeamini. Alirudia, la juu, la chini, safari hii macho ameyafumba, na midomo ikimchezacheza.

"Basi hakuna atakayemsubiri mwenzake," akasema, akajipangusa vumbi la kidole kwenye aproni yangu.